Pumzi Iliyofika Kabla Yangu

Mwanangu, mengi ninayasahau siku hizi, hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Lakini siku ambayo mama yangu alinisikia kabla ya kuniona, hiyo nitazikwa nayo.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa napanda kilima cha Tlawi kwenda kumsalimia, nimevaa kitenge kipya, mkononi nina mfuko wa sukari na mkate wa mjini. Njia ile naijua tangu naanza kutembea. Nilipokuwa msichana niliipanda na ndoo ya maji kichwani huku naimba. Siku hiyo nilisimama kijitoni, nikasimama tena kwenye mikaratusi, na nilipofika kwenye jiwe la kunolea, lile ambalo wachungaji hunolea mapanga yao, nikakaa chini kabisa. Watoto waliokuwa wakiteremka na mbuzi wakanipa shikamoo kwa huruma.

Nilipoingia uani, mama alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharage, amenipa mgongo. Hakugeuka.

"Karibu, Paulina," alisema. "Pumzi yako imefika zamani. Tumekaa nayo hapa tunakusubiri wewe."

Nilicheka, maana nilidhani ni utani. Mama yangu alikuwa mtani, lakini siku hiyo hakucheka. Alinipokea sukari, akanipokea mkate, akaviweka ndani. Kisha akasema, "Sukari imefika. Mkate umefika. Kitenge nimekiona. Mtoto wangu ndiye anayefika nusu. Mimi magoti yangu hayashuki tena kilima hiki, siku nikishuka nitakuwa nimebebwa. Sasa wewe unaishia kwenye jiwe. Mimi na wewe tutaonana wapi?"

Hilo, mwanangu, lilinichoma. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa limeshaanza kuvunjika.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ujue nilifikaje kwenye hilo jiwe.

Sisi tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika. Halafu ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, malori yakaanza kupanda Mbulu na madumu ya mafuta ya kula, sembe nyeupe, ngano na makreti ya soda. Mkoa wetu ulikuwa bado Arusha, Manyara lilikuwa jina la ziwa tu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufungua hoteli pale mjini, hoteli ya chai, chapati na supu, na ninalisema hili kwa kujisifu, usinizuie. Madereva wa malori walikuwa wakiniulizia kwa jina kuanzia Katesh. Mume wangu, Baba Daniel, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ukichelewa, hoteli yangu ndiyo iliyosomesha watoto.

Basi nikanenepa. Na wakati ule, ukiambiwa umenenepa unashukuru. Ilikuwa ni salamu nzuri kuliko zote: Mama Daniel, umenenepa, hongera! Watu waliokonda kwenye foleni wanataka shibe ionekane. Mwili wangu ulikuwa ndio kibao cha hoteli yangu.

Lakini ungeniuliza umekula nini leo, ningekuapia kwamba sijala. Na kweli sikuwahi kukaa mezani. Mimi nilikuwa naonja. Naonja supu kama chumvi imekolea. Naonja andazi la kwanza kama limeiva, na la mwisho kama halijaungua. Mteja akiacha nusu ya chapati namalizia, maana mtoto wa foleni hamwagi chakula. Chai yenyewe nilikuwa naionja kutwa nzima, na kila kikombe na sukari yake. Usicheke, nawe nimekuona jikoni kwangu ukionja.

Mwisho kichwa kikaanza kuuma na miguu kuvimba. Nikaenda hospitali. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akanitazama. "Mama, presha yako iko juu. Daktari atakupa dawa na uzimeze kila siku. Lakini dawa peke yake haitoshi, inabidi upungue. Taratibu."

Neno la mwisho sikulisikia. Mimi ni mtu wa biashara, mzigo nautaka ushuke leo leo. Mnadani kulikuwa na mtu anauza unga wa mizizi, akaniahidi kwamba mwezi ukiandama nitakuwa mwembamba kama fito. Nikanunua, nikanywa, na chakula nikaacha kabisa. Kushuka nilishuka, lakini nilishukia chooni. Siku moja nikaanguka jikoni, nusura niangukie karai la mafuta ya moto. Nilipopata nafuu nilikula kama fisi aliyefungiwa, na unene ukarudi pamoja na wageni wake. Ndivyo nilivyofika kwenye jiwe la kunolea Jumapili ile, mnene kuliko mwanzo, na aibu juu.

Nilimweleza mama yote hayo pale mlangoni. Alinisikiliza huku anaendelea na maharage yake.

"Ulinenepa kwa siku moja?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini unataka kukonda kwa siku moja? Bandu bandu huisha gogo. Panda mpaka pale unapoweza bado kuongea bila maneno kukatika. Yakianza kukatika, pumzika, urudi. Siku nyingine panda tena. Na chakula ukae chini ule. Anayekula amesimama hajui amekula nini."

Basi, mwanangu, hakukuwa na mizizi wala uchawi, ni hayo tu. Lakini mimi nilikuwa na moyo wa kiburi, na kiburi hicho sikijutii hata leo, kwa sababu ndicho kilichonivusha. Wakati wa kuaga nikasimama getini nikasema, "Mama, hutanisikia tena nikipanda hapa."

Yeye akadhani nimesusa. Mimi niliapa.

Nikashuka mjini, nikaanza. Kwanza nilinunua sahani yangu, ya bati, yenye ua jekundu, nikawaambia wasichana wa hotelini, "Chakula kisichopita kwenye sahani hii hakipiti mdomoni kwangu." Supu nikamwachia msichana mmoja aionje, akawa mpishi mzuri kuliko mimi, na hilo liliniuma kidogo. Sikuacha ugali, nani Mbulu ataacha ugali? Nilirudi kwenye dona ya kusaga mwenyewe, donge dogo, na kando yake mnafu au majani ya maboga mpaka sahani ijae kijani, na maharage. Chapati nikaifanya kitu cha sikukuu. Sukari kwenye chai niliipunguza polepole, kiasi kwamba ulimi haukugundua kuwa unaibiwa. Leo ukinipa chai ya sukari nyingi naitema.

Halafu miguu. Zamani nilikuwa natuma mtu sokoni. Nikaanza kwenda mwenyewe asubuhi, kikapu mkononi. Na siku ambazo hoteli ilikuwa na nafasi, nilishika njia ya Tlawi. Mara ya kwanza niliongea peke yangu mpaka kijitoni, nikiwasalimia hata ng'ombe nisikie kama maneno yanakatika. Yalipokatika nikapumzika, nikarudi. Kumbe kurudi si kushindwa! Watu wengi wanaharibikiwa hapo, wanadhani asiyefika kileleni leo amepoteza safari. Mimi kijito kilikuwa kilele changu kwa muda mrefu sana. Baadaye mikaratusi ikawa kilele. Kuna wiki nilipata mafua nikarudi nyuma mpaka kijitoni tena, nikaanza upya bila kulia. Mwenda pole hajikwai.

Sukari na sabuni za mama nikawa nampa kaka yangu Emanueli, ambaye aliishi naye kule juu na kila mnada alikuwa anashuka mjini. Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Vitenge vyangu vikaanza kunizunguka mara mbili. Nilikuwa nalala vizuri, na nesi alipopuliza kile kitambaa chake akatabasamu. Nikajua njia ni hii.

Sasa ndipo pole zilipoanza.

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati ambao mtu akipungua anapewa hongera. Sisi miaka ile, kukonda kulikuwa msiba. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia, ukimwi, na watu hawakuutaja, walisema tu fulani amekanyaga waya. Ulikuwa unaondoka na vijana na mama zao, na wote tuliwaona wakikonda kabla. Siwacheki waliougua, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu niliyeimba naye kwaya. Ndiyo maana watu waliponiona nakonda, hawakuona afya. Waliona jeneza. Na mimi mke wa mtu, mwenye hoteli ya madereva wa malori! Hebu fikiria maneno yaliyosemwa.

"Mama Daniel, pole," wanasema sokoni.

"Pole ya nini? Mimi mzima."

"Haya, mama. Mungu ni mwema." Na wanakushika mkono kwa namna ile, unaijua, ya kumshika mfiwa.

Wanawake wa jumuiya yetu walikuja nyumbani na uji wa ulezi kwenye chupa, mbele yupo Mama Yustina, jirani yangu, mwenye moyo wa dhahabu na mdomo wa debe. Nikawaambia sijaugua, nimeshiba. Mama Yustina akawageukia wenzake, akasema, "Mgonjwa haulizwi uji," akanimiminia kikombe. Wakanisalia rozari nzima. Nilipiga magoti pamoja nao, nikajiombea mwenyewe nipone ugonjwa nisiokuwa nao. Ningefanya nini? Walikuwa wananipenda.

Lakini hotelini wateja walipungua. Walisema, mpishi mwenyewe amekauka, chakula chake kina nini? Na ndugu za mume wangu wakamwita wakamuuliza kama anamlisha mke wake. Siku moja Baba Daniel, mtu mpole asiyepandisha sauti, alikaa mbele yangu akasema, "Mke wangu, nenepa kidogo basi. Kidogo tu. Watu wanaongea."

Hapo nilitikisika. Kumbe njaa siyo mtihani. Mtihani ni watu wako mwenyewe. Nilimtazama yule mwanaume niliyempenda, na nikaona aibu iliyokuwa usoni kwake. Nikamuuliza, "Wewe unataka mke anayesifiwa au mke anayeishi?"

Alifikiri. Akasema, "Anayeishi."

"Basi twende wote."

Tangu siku hiyo akawa anatoka shuleni tunatembea pamoja, mwalimu na mke wake, njiani kama wachumba, watu wanatushangaa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Na wateja, mwanangu, pua zao ziliwarudisha. Supu ni supu.

Kumbe maneno yalikuwa yanapanda kilima haraka kuliko mimi. Emanueli aliniona mnadani, akanishika bega, akasikia mfupa. Hakuniuliza kitu. Alirudi kwa mama, akaketi, na alipoulizwa habari za Paulina akasema tu, "Mama, amekonda sana," kisha akatoka nje kulisha ng'ombe ambao walikuwa wameshalishwa.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nimefika kwenye jiwe la kunolea na maneno hayajakatika, na nikasema moyoni, safari ijayo ni uani kwa mama.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu, ule wa Mbulu unaofunika hata kwato za ng'ombe. Nikapita kijitoni. Nikapita mikaratusi. Nilikuwa naimba ule wimbo wangu wa ndoo, taratibu, kwa sauti ndogo, na nilipokaribia jiwe nikanyamaza, kwa sababu niliona mtu ameketi juu yake. Mwanamke mzee, amejifunga shuka mbili, fimbo mkononi, kibuyu mapajani. Alikuwa anatazama chini, upande wa mikaratusi, ametega sikio.

Alikuwa mama yangu. Yule aliyesema magoti yake hayatashuka tena kilima kile mpaka abebwe. Alikuwa ameshuka mwenyewe, peke yake, kwenye ukungu, kwa sababu aliamini mtoto wake anakufa.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka mpaka fimbo ikaanguka. "Nani wewe?"

"Ni mimi, Paulina."

Hakuniitikia marahaba. Alinyoosha mkono akanigusa uso, akanishika mabega, akateremka mpaka kwenye viganja. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kisha akasimama, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mbona sikukusikia ukija?"

Nikainama, nikamwokotea fimbo yake.

"Ongea," akasema. "Ongea nikusikie."

Nikaongea. Nikamwambia habari za sahani ya ua jekundu, na sukari niliyouibia ulimi, na kijito, na nesi, na rozari niliyosaliwa nikiwa mzima. Nikaongea mfululizo, na neno halikukatika. Mama alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulifunguka, na mwisho akacheka kile kicheko alichoninyima Jumapili ile.

"Nimebeba samli ya kumlisha mgonjwa," akasema. "Sasa huyo mgonjwa yuko wapi?"

"Amepona, mama."

"Basi nipeleke nyumbani."

Nikabeba kibuyu, nikamshika mkono, tukapanda. Tulipanda kwa mwendo wake, tunasimama anapotaka kusimama. Safari hii pumzi iliyokuwa inasikika mbele yetu ilikuwa ya kwake, nami nilikuwa nayo ya kutosha wote wawili. Tulipoingia uani Emanueli alitoka zizini mbio, na majirani wakakusanyika na nyuso za msiba. Mama akaegemea fimbo, akavuta hewa, akawaambia kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia, "Pole zenu rudini nazo nyumbani! Huyu hakukonda. Huyu amepanda!"

Nimepewa sifa nyingi maishani, mwanangu. Nilipewa hata zawadi ya mfanyabiashara bora, miaka ambayo Manyara imeshakuwa mkoa na watu wakawa wanasimama kunipigia makofi ukumbini. Hakuna iliyonifikia hapa kifuani kama ile ya uani kwa mama. Na miaka mingi baadaye, alipolala, nilipanda kilima hicho na waombolezaji wote nyuma yangu, na sikukaa kwenye jiwe. Tulionana mpaka mwisho, mimi na yeye, mlangoni kwake.

Sasa nyumba hiyo nakaa mimi. Ndiyo maana nakuandikia kutoka huku juu. Nimesikia unataka kupungua kabla ya harusi, na kwamba umeona kwenye simu chai ya kukausha tumbo kwa wiki moja. Mwanangu, yule mtu wa mizizi hajafa, amenunua simu tu. Unene uliokuja kwa miguu usiufukuze kwa pikipiki, utarudi na hasira. Mwone daktari kwanza, akuambie ukweli wa mwili wako. Halafu kaa chini ule, chakula cha kwenu, sahani uijue, na usijidanganye kwamba kuonja si kula. Badilisha kile tu ambacho utaweza kuishi nacho mpaka uzeeni, kwa sababu utakachokiacha baada ya harusi kitakuwa kimekuacha na wewe. Tembea, na utembee tena kesho, mpaka miguu ikudai yenyewe. Siku utakayorudi nyuma, usijitukane, kijito bado kipo palepale. Na watu wakikuambia umenenepa au umekonda, wapokee salamu, maneno yaache getini.

Na mimi nakubariki, kwa baraka za mama yangu ambazo sijazimaliza. Mungu akupe chakula kitamu na kiasi cha kukila. Akupe magoti yasiyokudai mapema, na moyo unaopiga bila kelele. Ng'ombe wako wanenepe kwa niaba yako. Mume wako akushike mkono njiani hata mkiwa na mvi. Watoto wako wakukute uani umesimama.

Baraka nyingine ninayo, kubwa kuliko hizi, lakini hiyo siitumi. Ipo hapa mlangoni, njoo uichukue kwa miguu. Usije na bodaboda, naisikia tangu mikaratusini. Njoo polepole, hata ikichukua mwaka. Nitakuwa nimeketi napepeta maharage, nimeipa njia mgongo, nimetega sikio. Nami naomba kwa Mungu siku hiyo nisikusikie ukija.